Nchi Iliyohesabu Mapigo

Njia niliyofikia Mdundani sitaieleza. Kwanza siikumbuki vizuri, na pili, wasafiri wanaosimulia sana habari za njia mara nyingi hawakuona kitu walikofika. Nitaeleza ninachoweza kukiapia: nilikaa huko siku kumi na nne, nilikula kwao, nilibishana nao, na siku ya mwisho nililia mbele za watu bila haya.

Nyumbani mimi ni muuza kompyuta. Kwa miaka kumi na moja, mteja akiniuliza kati ya hizi mbili ipi ina kasi zaidi, niligeuza kasha, nikamwonyesha namba ya gigahetzi, yaani wingi wa mapigo ya chombo kwa sekunde, iliyochapishwa ubavuni, nikamwambia, "Yenye namba kubwa ndiyo yenye mbio." Nilisema hivyo kwa uso mkavu na watu walinunua. Nalieleza hili mapema ili msomaji asije akadhani nilikwenda Mdundani nikiwa na akili kuliko wenyeji.

Mdundani hakuna kompyuta, kuna nyumba za hesabu. Mtu akitaka kujua akiba ya mahindi itafika mwezi gani, au daraja litabeba mikokoteni mingapi, hupeleka swali lake kwenye nyumba mojawapo, na makarani hulifanyia kazi. Darini kwa kila nyumba kuna ngoma. Ngoma ikipigwa, kila karani hufanya kitendo kimoja tu: huinua karatasi, au hujumlisha tarakimu, au humpa mwenzake. Kisha husubiri pigo linalofuata. Pigo lisipolia, hakuna anayesogeza hata kidole.

Na kwa kuwa kila kitu huenda kwa ngoma, Wamdundani walikwisha kuamua zamani kwamba kasi ya nyumba ni wingi wa mapigo yake. Sheria yao inasema hivyo waziwazi. Kila mwaka serikali hupima nyumba zote na kuzipanga, na maswali yote ya uhai na kifo lazima yapelekwe kwa nyumba iliyoshika nafasi ya kwanza. Upimaji wenyewe hufanywa na maofisa wawili. Mmoja anaitwa Mshika Pumzi wa Serikali, na kazi yake ni kuvuta pumzi na kuizuia kadiri anavyoweza. Wa pili ni Mhesabu Mapigo Mkuu, ambaye huhesabu ngoma imelia mara ngapi kabla mwenzake hajapumua. Niliuliza kwa nini wasitumie saa. Nikajibiwa kwamba saa zimepigwa marufuku ndani ya nyumba za hesabu, maana wateja walikuwa wakizitazama na kukosa adabu.

Mhesabu Mapigo Mkuu wa wakati huo alikuwa Bwana Mwinchande, mtu mrefu, msafi, mwenye sauti ya chini na mfuko uliojaa kokwa za kuhesabia. Alinipokea kwa ukarimu, na siku ya pili akanipeleka kuiona nyumba ya kwanza kwa kasi nchini, Nyumba ya Radi.

Sina budi kukiri kwamba nilivutiwa. Ngoma ya Radi ilipigwa na vijana sita kwa zamu, mapigo yakifuatana kama mahindi yanayopasuka chunguni. Chini yake makarani arobaini walikuwa wamevaa mikanda myekundu. Moyo wangu ulienda mbio kwa kuisikia tu. Ilinichukua muda kugundua kwamba kati ya makarani arobaini, thelathini na kitu walikuwa wamesimama mikono mitupu.

"Hawa wanafanya nini?" nikamuuliza Bwana Mwinchande.

"Wanangoja tarakimu, ndugu mgeni. Ghala la tarakimu liko kule mwisho wa ua. Matarishi wamekwenda kuzichukua."

"Watarudi baada ya mapigo mangapi?"

"Mia mbili hivi," akasema kwa fahari. "Katika nyumba nyingine safari hiyohiyo huchukua mapigo sitini tu. Unaona tofauti?"

Niliona kwamba tarishi alikuwa akitembea mwendo uleule wa binadamu yeyote, na kwamba ngoma ikipigwa haraka zaidi, mapigo mengi zaidi yanapita watu wakiwa wamesimama. Nikamwambia hivyo. Akanieleza kwa upole kwamba jambo hilo limekwisha kujadiliwa. Baraza la Mapigo lilikaa wiki tatu kuamua kama pigo ambalo hakuna aliyefanya kazi ndani yake lihesabiwe au lisihesabiwe. Waliopinga walisema pigo tupu ni kelele. Walioshinda walisema ngoma haina kosa, imetimiza wajibu wake, na si haki kuiadhibu kwa uvivu wa matarishi. Kwa hiyo uamuzi ulipitishwa: pigo ni pigo, awe amefanya kazi mtu au asifanye. Baadaye, kwa ombi la Nyumba ya Radi yenyewe, waliongeza kifungu kwamba mapigo yakizidi uwezo wa ofisa kuyahesabu, nyumba hiyo itakuwa ya kwanza papo hapo bila rufaa. Radi walitumaini kufika huko siku moja.

Nikauliza kama kuna jaribio la hesabu yenyewe, angalau moja. Lipo. Kila mwaka nyumba zote hupewa swali moja, jumla ya namba zote toka moja hadi elfu, na swali hilo halijabadilika kwa miaka ishirini na sita. Jibu limechongwa ukutani kwa Radi nyuma ya pazia. Mwaka uliopita walijibu kabla swali halijamaliza kusomwa, na Baraza zima likasimama kuwapigia makofi. Nilitaka kucheka, nikakumbuka duka langu, nikanyamaza.

Siku ya tisa mvua ilianza. Siku ya kumi na mbili ilikuwa bado haijakatika, na hapo ndipo nilipojuana na Mwanapili, mlinzi wa malango ya bwawa.

Alikuja nilikofikia asubuhi, amelowa chapachapa, hata kukaa hakutaka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Wewe ndiye mgeni mwenye saa?"

"Ndiye mimi. Karibu ndani."

"Sikuja kukaa, kaka. Nina shida na saa yako."

Akanieleza haraka. Bwawa lina malango manane. Chini yake, mahali panapoitwa Bondeni, kuna kaya mia mbili na kumi, na daraja lao la kutokea lilikuwa tayari limefunikwa. Maji yakizidi lazima yafunguliwe, lakini malango yakifunguliwa vibaya ndiyo yanayobomoa nyumba. Huko juu mtoni kuna vyungu sitini vya kupimia mvua. Kutokana na vipimo hivyo nyumba ya hesabu hutafuta malango gani yafunguliwe na kwa kiasi gani, na hesabu hiyo haigawanyiki: lazima kipimo cha kwanza kiishe ndipo cha pili kianze, kwa maana kila jibu ndilo swali la jibu linalofuata. Askari wa malango hawatoi funguo bila karatasi ya jibu yenye muhuri wa nyumba ya kwanza.

"Mwaka jana nilipeleka Radi asubuhi," akasema. "Jibu likaja jioni. Lilikuwa jibu sahihi, kaka, sikatai. Lango la tatu na la saba. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kupita. Tulizika watu kumi na mmoja. Mmoja alikuwa dada yangu."

Akafuta uso, akaendelea.

"Ipo nyumba nyingine, Nyumba ya Kibanzi. Ya mwisho kwenye orodha. Kila hesabu ndogondogo ya malango naipeleka huko, na sijawahi kumaliza kikombe cha chai kabla haijarudi. Nikisema hivyo Barazani wananiambia ni hisia zangu. Saa yako haina hisia."

Tulikwenda Kibanzi kwanza. Ilikuwa nyumba chakavu yenye paa la bati, na ngoma yake ilikuwa kubwa kama pipa, ikipigwa na mzee mmoja aliyeonekana kusinzia kati ya pigo na pigo. Mkuu wa nyumba alikuwa Bi. Kidawa, mama mnene mwenye hasira za karibu, anayetafuna karafuu.

"Shikamoo, Bi. Kidawa," akasema Mwanapili.

"Marahaba. Huyu naye nani? Kama katumwa na Baraza mwambie orodha yao nimefungia maandazi."

Alipotulia akanionyesha kazi yao. Makarani walikuwa kumi na wawili tu. Lakini kila mmoja alikuwa na sinia pembeni yake lenye tarakimu anazozitumia mara kwa mara, hivyo safari za ghalani zilikuwa chache mno. Katika pigo moja, ambalo kwingine ni la kitendo kimoja tu, karani wa Kibanzi aliinua karatasi, akajumlisha, akaandika, na kumpa jirani, vyote kwa mkupuo. Na mlangoni alikaa msichana ambaye kazi yake ilikuwa kubahatisha ni tarakimu gani zitahitajika baadaye, na kuagiza ziletwe kabla hazijaulizwa.

"Akikosea je?" nikauliza.

"Akikosea tunamzomea na kazi inarudiwa," akasema Bi. Kidawa. "Hakosei sana."

Nikawapa hesabu ndogo, nikatoka upenuni nikaipima kwa saa. Kisha Mwanapili akaipeleka hesabu ileile kwa Radi, nami nikakaa nje ya mlango wao, ambako saa hazikatazwi, yangu mkononi. Kibanzi walichukua dakika nne. Radi walichukua dakika thelathini na moja, na ngoma yao ikalia muda wote bila kupoa.

Nataka kuwa mkweli hapa. Bi. Kidawa mwenyewe aliniambia kwamba ukimpa karatasi elfu za kupigwa muhuri tu, kazi ambayo kila mtu anafanya ya kwake bila kumngoja mwenzake, Radi watamwacha mbali, kwa kuwa wana mikono arobaini. "Mimi sina mbio," akasema. "Mimi nina mbio kwa kazi hii." Niliyaandika maneno hayo usiku uleule, nikaona aibu kwamba miaka kumi na moja hakuna mteja niliyewahi kumuuliza anataka kompyuta ya kazi gani.

Siku ya kumi na tatu tukasimama mbele ya Baraza. Nikaeleza niliyoyaona na kutaja dakika. Wajumbe walisikiliza kwa heshima kubwa, kisha mmoja wao, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, akauliza:

"Mgeni, saa yako imepima nini hasa?"

"Muda toka swali lilipoingia mpaka jibu lilipotoka."

"Basi imepima muda. Sisi tunazungumzia kasi."

Ukumbi ukanguruma kwa kuafiki. Nikasema kwamba mtu anayengoja jibu hana habari na ngoma, anachokitaka ni jibu. Bwana Mwinchande akasimama, na kwa sauti yake ya chini akasema anamwonea huruma Bibi Mlinzi, tena mama yake mzazi anaishi Bondeni hukohuko, lakini kama kila mteja atapima nyumba kwa swali lake mwenyewe, orodha itakuwa na kurasa ngapi? Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoyasikia pale. Ombi likatupwa. Mwanapili akatoka. Nilimwona kwa nyuma akishika ukuta.

Asubuhi ya siku ya kumi na nne maji yalikuwa yamebakiza kiasi cha mikono miwili kufika ukingo wa bwawa. Vipimo sitini vilifika kwa mbio saa tatu. Mwanapili alikadiria kwamba mpaka saa tisa bwawa litakuwa limejaa. Kwa mwendo wa Radi jibu lingekuja magharibi.

Tulikuwa tumesimama chini ya upenu wa Kibanzi, yeye, mimi na Bi. Kidawa. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba ilibidi tupige kelele kusikilizana.

"Nipe hizo karatasi nianze," akasema Bi. Kidawa.

"Utaanza, utamaliza, na askari hawatanipa funguo! Muhuri, mama! Muhuri uko kwa mwenye mapigo mengi!"

"Mapigo, mapigo! Mapigo gani yanashinda haya?" Akaonyesha bati juu ya vichwa vyetu kwa hasira.

Mwanapili akainua uso akalitazama bati. Kisha akamtazama mama yule.

"Bi. Kidawa. Sheria inasema ngoma ipigwe na nani?"

"Haisemi."

"Inasema lazima iwe darini?"

"Haisemi wala haijali."

Sijawahi kuona ngoma kubwa ikishushwa upesi namna ile. Mimi nilishika upande mmoja, mzee mpigaji akashika wa pili, tukaiweka uani, ngozi ikitazama mbingu. Mvua ikaishukia. Sauti iliyotoka haikuwa mapigo tena, ilikuwa ngurumo moja isiyo na mwanya. Mwanapili alikwisha kukimbia kuwaita wapimaji, maana sheria inampa mteja yeyote mwenye swali la uhai haki ya kudai upimaji mpya siku ileile. Ndani, Bi. Kidawa alikuwa ameanza kazi, akigonga meza kwa funguo zake badala ya ngoma, taratibu, kama kawaida yao.

Bwana Mwinchande alikuja chini ya mwavuli, na Mshika Pumzi nyuma yake akitweta kwa mbio, jambo ambalo kwa mtu wa cheo chake lilikuwa hatari. Akaitazama ngoma. Akatazama ndani, ambako makarani walikuwa wakifanya kazi bila kuisikiliza kabisa.

"Hawaifuati," akasema.

"Pigo ni pigo," Mwanapili akamjibu, "awe amefanya kazi mtu au asifanye. Uamuzi wa Baraza, Mheshimiwa. Wiki tatu mlikaa."

Nilimtazama usoni. Alikuwa mtu wa sheria kikwelikweli, na nadhani hilo ndilo lililotuokoa. Mtu mjanja zaidi angetafuta pa kukwepea. Akamwashiria mwenzake. Mshika Pumzi akajaza kifua. Bwana Mwinchande akatia mkono mfukoni, akaanza kuhamisha kokwa, kumi, ishirini, kisha zikamponyoka zikatawanyika matopeni, na mvua ikaendelea. Mshika Pumzi akawa mwekundu, akawa wa zambarau, akaachia pumzi akaanguka kwenye benchi.

"Hayahesabiki," akasema Bwana Mwinchande polepole. Akaandika neno hilo kwenye fomu yake. Kisha, kwa mujibu wa kifungu kilichoombwa na Nyumba ya Radi, akautoa muhuri wa nafasi ya kwanza na kuuweka juu ya meza ya Bi. Kidawa, ambaye hakuinua hata kichwa.

"Usimguse msichana wa mlangoni," akasema tu. "Yuko kwenye kipimo cha thelathini na nne."

Jibu lilitoka likiwa na muhuri. Mwanapili alilichukua mikononi mwa karani wa mwisho kabla wino haujakauka, akalifunika kwa khanga, akakimbia. Nilimfuata nikiteleza. Askari wa malango walisoma muhuri, wakasoma tena, wakatoa funguo. Lango la pili, robo. La tano, lote. La sita, nusu. Magurudumu yalizungushwa na watu wanane, na maji yakaanza kutoka kwa kishindo nilichokisikia tumboni.

Yalikwenda upande wa matete. Yalijaza uwanda wote wa matete, yakapita kando ya Bondeni, yakalowesha bustani za mchicha na mabanda matatu ya mbuzi ambao walikwisha kuhamishwa, na hayakuingia nyumba hata moja. Tulisimama juu ya ukuta wa bwawa tukatazama. Kina cha bwawa kikashuka mkono mmoja, halafu wa pili. Moshi wa majiko ulikuwa unatoka kwenye mapaa ya Bondeni, watu wakipika chakula cha mchana. Hapo ndipo nilipolia. Sikuwa na ndugu pale, sikumjua mtu hata mmoja chini kule, nililia kwa nafuu tu, na askari mmoja akanipigapiga mgongoni kama mtoto.

Mwanapili hakulia. Alikaa chini kwenye tope, akanyoosha miguu, akavua kiatu kimoja akamwaga maji yaliyokuwamo, akasema, "Haya. Haya basi." Alisema hivyo mara nyingi.

Bwana Mwinchande alitukuta hapo. Mwavuli wake ulikuwa umegeuka nje ndani na hakuwa na habari nao. Alikuwa na fomu, kwa kuwa sheria inataka mteja athibitishe upimaji kwa mkono wake. Mwanapili akaijaza akiwa amekaa palepale. Idadi ya mapigo: hayahesabiki. Jina la mpigaji: akafikiri kidogo, akaandika Mvua. Bwana Mwinchande akasoma, hakubisha.

Hakuondoka pia. Alikuwa akitazama Bondeni, upande wa kushoto, kwenye nyumba moja yenye ua wa mabua na mwanamke mzee aliyekuwa akianua nguo zilizolowa kama vile hakuna kilichotokea. Alimtazama kwa muda mrefu. Nikakumbuka kwamba mama yake anaishi huko.

Kisha akaigeuza ile fomu upande wa nyuma, ambako hakuna kilichochapishwa, akatoa kalamu.

"Bibi Mlinzi," akasema, "jibu lilifika lini?"

"Kabla ya maji," akasema Mwanapili.

Akayaandika maneno hayo kama yalivyo, akatia sahihi chini yake.